Soksi za mgandamizo kwa mguu wenye hitilafu ya vena: zipi zinafaa, zipi ni hasara

Tuanze na hukumu, maana bidhaa hizi ni ghali na wengi hujikuta wamenunua mara mbili. Kwa mguu uliozaliwa na hitilafu ya vena (mishipa inayorudisha damu moyoni), hasa wenye vinundu, mikunjo au unene usiolingana na mguu wa pili, soksi iliyofumwa bapa kwa vipimo vya mguu wenyewe ndiyo inayostahili fedha. Soksi za mviringo zinazouzwa kwa saizi za S, M na L zinawatosha wale ambao hitilafu yao ni ndogo na mguu bado una umbo la kawaida. Soksi nyeupe za wodini zisinunuliwe kabisa kwa kazi hii. Bandeji ya krepu, ile ya rangi ya maziwa iliyojaa kila famasi, ni ya kusubiria tu, na hata ya kusubiria ipo iliyo bora kuliko hiyo.

Hitilafu hii si varikosi za ukubwani. Vena zenyewe ziliumbika vibaya kabla mtoto hajazaliwa: kuta zake zina misuli haba, hivyo hutanuka kirahisi na hazina nguvu ya kusukuma damu mbele. Mtu akisimama hujaa, akilala na kuinua mguu hunywea. Damu iliyotuama humo huganda vipande vidogo vidogo, ndiyo maana wengi huumwa zaidi asubuhi wanapoamka, na ndiyo maana eksirei ya mguu wa namna hii mara nyingi huonyesha vijiwe vidogo vya duara katikati ya nyama. Kwa wenye hitilafu kubwa, kipimo cha D-dimer (mabaki ya damu iliyoganda na kuyeyuka) hubaki juu mwaka mzima na fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) hushuka, kwa sababu mwili unagandisha na kuyeyusha damu bila kupumzika.

Soksi haiponyi hali hiyo. Inachofanya ni kuzizuia vena zisijae mchana kutwa. Matokeo ya kutegemea ni maumivu kupungua, uvimbe wa jioni kupungua, uzito wa mguu kupungua, na kule kuganda ovyo nako kupoa kiasi. Muuzaji akiahidi kwamba mishipa "itakauka" kwa soksi, huyo anauza maneno. Kukausha ni kazi ya sindano anazochoma daktari wa radiolojia tiba (anayetibu kwa kuongozwa na picha za ndani ya mwili), kwa dawa kama sodium tetradecyl, polidocanol, bleomycin au ethanoli, na hata hizo mara nyingi hupunguza tu.

Kabla ya kununua chochote, mguu upigwe ultrasaundi ya Doppler, inayoonyesha damu inavyopita, na ikiwezekana MRI (picha ya sumaku). Yapo mambo matatu ya kujua hapo. La kwanza, kama kweli ni vena. Uvimbe wenye joto, unaodunda au unaotetema ukiuwekea kiganja una ateri (mishipa inayotoa damu moyoni) ndani yake, na hiyo ni habari nyingine kabisa, ikiwemo ile hali aliyoieleza daktari Parkes Weber mwaka 1907. Usibanwe kwa kubahatisha. La pili, kama vena za ndani kabisa za mguu zipo na zinapitisha damu. Katika ugonjwa wa Klippel na Trenaunay, madaktari wa Ufaransa walioueleza mwaka 1900, ambapo mtoto huzaliwa na baka jekundu, vena zisizo za kawaida na mguu ulionenepa au kurefuka, vena za ndani wakati mwingine ni nyembamba mno au hazipo, na vena kubwa ya pembeni mwa mguu ndiyo njia kuu ya damu kurudi. Mgonjwa wa namna hiyo akivaa soksi akaumwa zaidi, si uvivu wala deko: arudi kwa daktari. La tatu, ateri. Mapigo ya juu ya unyayo yasiposikika, hakuna soksi mpaka ipimwe.

Sasa namba za daraja la mbano, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Daraja la 2 la Kijerumani ni milimita 23 hadi 32 za zebaki (mmHg) kwenye kifundo cha mguu. Daraja la 2 la Kiingereza ni 18 hadi 24. La Kifaransa ni 15 hadi 20. Wamarekani huandika mmHg moja kwa moja: 15–20, 20–30, 30–40. Sasa mtu akipewa karatasi imeandikwa "class 2" na daktari aliyesoma Ujerumani, akaagiza kwa ndugu yake aliyeko Manchester, ataletewa soksi legevu kuliko iliyokusudiwa. Dawa ni moja: agiza kwa mmHg, usiagize kwa daraja. Kwa mguu wa mtu mzima wenye hitilafu ya vena, kiwango cha kawaida ni 23–32, na 34–46 kwa mguu mzito wenye uvimbe wa limfu (majimaji ya mwili) nao. Mtoto mara nyingi huanza na 18–21. Na tunasema bila kusita kwamba soksi ya 18–21 inayovaliwa kila siku inashinda ya 34–46 iliyolala kabatini.

Soksi nyeupe za wodini zina takriban 18 mmHg kwenye kifundo na zimetengenezwa kwa mgonjwa aliyelala kitandani baada ya upasuaji. Akisimama na kutembea, kitambaa hicho chepesi kinatanuka pamoja na mguu na hakizuii lolote. Ni rahisi kupatikana, ni za bei nafuu, na ndizo wagonjwa wanaopewa kwa makosa mara nyingi.

Tofauti kubwa zaidi ya bei na ubora iko kwenye ufumaji. Soksi ya mviringo hufumwa kama bomba: idadi ya vitanzi ni ileile kutoka chini hadi juu, na umbo hupatikana kwa kukaza au kulegeza uzi. Haina mshono, ni nyembamba, inapendeza. Lakini kitambaa chake kinavutika sana. Kikikuta kinundu cha vena zilizovimba kinatanuka kukifuata. Kikikuta mkunjo nyuma ya goti au juu ya kifundo kinazama ndani na kuukata kama uzi. Soksi bapa hufumwa kama kipande cha nguo, vitanzi vikiongezwa na kupunguzwa kufuata upana wa mguu, kisha hushonwa kwa nyuma. Mshono wake unaonekana. Kitambaa ni kizito na hakivutiki kirahisi. Misuli ikikaza wakati wa kutembea inagonga ukuta, na huko kugonga ndiko kunakosukuma damu juu. Mtu akikaa, mbano hushuka na mguu hupumzika. Kwa mguu usio na umbo la kawaida hakuna kinachoifikia.

Katika soksi bapa majina yanayotajwa zaidi ni JOBST Elvarex, mediven 550 na Juzo Expert. JOBST limetokana na Conrad Jobst, mhandisi wa Toledo, Ohio, aliyekuwa na ugonjwa wa vena mwenyewe na kugundua kwamba miguu yake hupata nafuu akisimama kwenye bwawa la kuogelea, kwa kuwa maji hubana zaidi kadiri unavyoshuka. Elvarex ya kawaida ndiyo ngumu na inayoaminika kwa mguu mzito, ila mtu wa ngozi laini ataisikia inakwaruza. Ipo Elvarex Soft kwa ajili hiyo. Ukweli ni kwamba kati ya kampuni hizi tatu tofauti ni ndogo kuliko tofauti kati ya mpimaji mzuri na mpimaji mbaya. Chagua kampuni ambayo kuna mtu karibu nawe anayejua kujaza fomu yake.

Kwa asiyeweza kuvaa soksi ngumu, au ambaye mguu wake hubadilika sana kati ya wiki na wiki, vifungio vya velkro ni mbadala wa kweli. Circaid juxtafit huja na kadi ndogo ya kupimia: unalinganisha mistari ya kwenye kitambaa na kadi, unajua umefunga 20–30, 30–40 au 40–50. Mguu ukipungua saa sita mchana, wewe mwenyewe unakikaza. Ubaya wake ni unene; suruali ya kubana haipiti juu yake, velkro hunasa uzi wa kanga na mashuka, na sehemu ya unyayo huhitaji kifaa chake. Wakati wa kusubiri mzigo ufike, tumia bandeji ya mvuto mfupi kama Comprilan badala ya krepu. Krepu huvutika sana, hubana mtu akiwa amelala na kulegea akitembea, kinyume kabisa cha kinachotakiwa. Anza kufunga kwenye shina la vidole, kifundo kikiwa kimekunjwa digrii 90, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, upana wa sentimita 8 kwa unyayo na 10 kwa mguu, na mkazo upungue kadiri unavyopanda.

Kupima ndiko kunakoamua kila kitu. Hufanyika asubuhi, kabla mguu haujashuka kitandani kwa muda mrefu, au baada ya kuuinua walau nusu saa. Ukipima saa kumi jioni umeagiza soksi ya mguu uliovimba, na kesho asubuhi itapwaya. Chukua tepu ya fundi cherehani na kalamu ya kuandikia ngozini. Weka alama kwanza, kisha pima: mzunguko wa unyayo kwenye shina la vidole (fomu huuita cA), kuzunguka kisigino na mgongo wa unyayo (cY), sehemu nyembamba kuliko zote juu ya kifundo (cB), mahali kigimbi kinapoanza kujaa (cB1), penye kigimbi kinene kuliko pote (cC), chini ya goti upana wa vidole viwili (cD), katikati ya goti (cE), katikati ya paja (cF) na juu ya paja chini ya kinena (cG). Kwa kila alama pima pia urefu kutoka sakafuni, kwa kufuata ngozi ya upande wa ndani. Tepu iguse ngozi bila kuizamia. Fomu ikitaka vipimo viwili, kimoja bila mvuto na kingine kwa mvuto kidogo, jaza vyote. Usiache nafasi wazi ukidhani kiwanda kitajua.

Kwenye mguu wenye hitilafu hayo hayatoshi. Penye kinundu kikubwa kati ya alama mbili ongeza alama ya tatu na uichore kwenye fomu. Piga picha mbele, nyuma na pande zote mbili, tepu ikiwa imeegemezwa kando, uzitume pamoja na fomu. Shimo la nyuma ya kifundo cha nje halibanwi na soksi yoyote kwa sababu kitambaa hupita juu yake kama daraja. Kama vena zimejaa hapo, agiza pedi ya sponji ya kushonewa ndani. Kinyume chake, ukingo wa mfupa wa muundi na kano ya kisigino hubanwa kupita kiasi, kwa sababu sehemu yenye mviringo mdogo hupokea mbano mkubwa zaidi kwa mkazo uleule wa kitambaa. Wekundu wa hapo usiopotea ndani ya nusu saa baada ya kuvua ni dalili ya kurudisha soksi.

Ukomo wa juu usitue katikati ya hitilafu. Mtu mwenye vena za paja akivaa soksi ya goti, damu inasukumwa hadi kwenye goti na kukwama papo hapo. Uvimbe juu ya ukingo huwa mkubwa kuliko kabla. Soksi ivuke hitilafu kwa sentimita kadhaa. Kwa paja, chaguo ni mkanda wa silikoni juu au mguu mmoja wenye mkanda wa kiunoni. Katika joto la Dar au Mombasa silikoni hutoa vipele kwa wengi. Mkanda wa kiunoni unaonekana wa kizamani lakini haushuki na haunyeshi jasho. Omba pia eneo laini nyuma ya goti, na vidole wazi, maana vidole wazi huruhusu kuvaa kandambili na kuangalia rangi ya vidole bila kuvua kitu. Vidole vyenyewe vikiwa vimevimba, kuna kofia yake ya vidole inayotengenezwa kando.

Jambo dogo linaloliza watu: usinunue jozi. Soksi bapa huuzwa moja moja. Nunua mbili za mguu uleule, moja ivaliwe na nyingine iwe kwenye kamba. Hesabu bei kwa miezi 6, muda ambao kitambaa hubaki na nguvu yake kikivaliwa kila siku, na bei ya kutisha itaonekana ya kawaida zaidi.

Kuvaa kuna ustadi wake. Mafuta ya ngozi yapakwe usiku, si asubuhi. Vaa glavu za mpira za kuoshea vyombo, zenye vidole vyenye mikwaruzo. Bila hizo utavuta kwa kucha na kutoboa. Geuza soksi nje ndani hadi kwenye kisigino, ingiza unyayo, hakikisha kisigino kimekaa kwenye kisigino, kisha panda nayo hatua kwa hatua kwa kusukuma na kiganja, usiivute kwa ukingo wa juu. Ikibaki ndefu, isikunjwe juu: mkunjo huo huwa mbano mara mbili penye vena. Irudishe chini na kuisambaza. Kwa soksi ya vidole wazi, watu walikuwa wakivisha unyayo mfuko wa nailoni ili soksi iteleze. Baada ya Kenya kuupiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019, kipande cha satini kinafanya kazi hiyohiyo na hakinyeshi jasho. Kivute kupitia tundu la vidole ukimaliza.

Osha kila siku au kila baada ya siku moja, kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya maji isiyo kali. Chumvi ya jasho huua uzi kuliko kuosha. Hakuna jiki, hakuna dawa ya kulainisha nguo, hakuna kukamua kwa kupinda. Izungushie taulo, uikandamize, uilaze kivulini. Jua la mchana kwenye kamba huimaliza soksi kabla ya wakati wake.

Mahali soksi inaposhindwa ni kwenye hitilafu iliyo ndani ya misuli, hasa ya kigimbi, na zaidi ile yenye mafuta na nyuzi ngumu ndani yake. Wengine huumwa zaidi wakibanwa, na hapo kushuka daraja moja kwa wiki mbili ndiyo hatua ya kwanza, isiposaidia, acha. Wenye vilengelenge vya damu au limfu juu ya ngozi waweke gozi yenye vaselini chini ya kitambaa, la sivyo kila uvuaji utang'oa gamba. Vidole vikiwa baridi, vya buluu au vyenye ganzi, vua papo hapo. Mshipa ukiwa mgumu, mwekundu na wenye maumivu makali mahali pamoja, hilo ni donge la damu na ni suala la daktari, ambaye huenda akaandika heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Kuishiwa pumzi ghafla au kifua kuuma si jambo la kusubiri asubuhi: damu iliyoganda huweza kufika mapafuni, hasa kwa wenye ile vena kubwa ya pembeni. Kwa safari ya basi kama Dar hadi Mwanza, soksi ivaliwe kabla ya kupanda na isivuliwe njiani. Na usiku haivaliwi ya mchana. Inua miguu ya kitanda upande wa chini kwa sentimita 10 hadi 15.

Anayetibiwa kwa sindano asipime soksi mpya katikati ya vikao. Mguu huvimba siku kadhaa baada ya kila kikao, na vikao kwa kawaida hupishana wiki 6 hadi 8; hapo katikati vaa velkro. Anayetumia sirolimus (dawa inayoweza kunyweza hitilafu) naye apimwe tena baada ya miezi michache, kwani mguu ukinywea soksi ya zamani hupwaya na kuanza kushuka. Tanzania, Muhimbili imekuwa ikifundisha radiolojia tiba tangu mwaka 2018, kwa hiyo sindano si lazima iwe safari ya India tena, ingawa kila hitilafu ina uzito wake na rufaa ndiyo itakayoamua.

Kwa mtoto, gharama ndiyo kikwazo kikubwa. Anakua, na mguu wenye Klippel na Trenaunay hukua kwa kasi tofauti na wa pili. Vipimo virudiwe kila miezi 3 hadi 6, na soksi inayoacha alama ya mkunjo juu ya kigimbi imeshakuwa fupi hata kama bado inaonekana mpya. Pima pia urefu wa miguu yote miwili kwa kumsimamisha mtoto juu ya vibao vyembamba mpaka nyonga zilingane. Tofauti ikizidi sentimita 2, soli ya kiatu cha mguu mfupi iinuliwe. Fundi viatu wa mtaani anaweza, akipewa kipimo kamili na sponji ngumu, lakini fundi wa viungo saidizi ataangalia na nyonga pia. TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo saidizi pale Moshi, imekuwa ikiwafunza mafundi hao tangu mwaka 1981. Soli nzima iinuke, kuanzia kisigino hadi vidoleni, na kwa ngazi: sentimita 1 kwanza, nyingine baada ya wiki chache.